Kiti ni kile kile

Bwana Mhariri,

Msomaji wenu mmoja aliandika katika toleo lililopita kwamba filamu za kuchekesha za Wamarekani ni upuuzi wa watu walioshiba, na kwamba kijana wa Kongo akizitazama hajifunzi kitu ila kuteleza juu ya ganda la ndizi. Nimeisoma barua ile mara mbili. Mwenyewe anaandika vizuri, lakini naona hajawahi kukaa chumba kimoja na watu sitini wanaotazama filamu hizo, halafu wote wakamgeukia yeye: "Papa, wanacheka nini?"

Mimi nimekaa. Tangu 2011 mpaka 2016 nilikuwa na chumba cha video huku Kadutu, karibu na soko. Kuta za mbao, mabati juu, mabenchi sita, televisheni ya zamani yenye mgongo mrefu, na jenereta nje limefungwa mnyororo kama mbuzi mkorofi. Kiingilio faranga 100, Jumapili 200. Kabla ya hapo nilikuwa mpimaji. Miaka tisa nilisimama nyuma ya mizani katika nyumba moja ya kununua kasiterite, yaani mawe yenye bati, hapa Bukavu. Naomba mnivumilie, kazi hizi mbili zitakutana mbele ya safari.

Filamu zilitufikia kwa Kifaransa, na Kifaransa cha wateja wangu wengi kilikuwa cha kusalimia na cha kujibu polisi. Basi nilisimama pembeni ya televisheni na fimbo mkononi, natafsiri. Filamu ya vita haikunipa taabu. Mtu amepigwa risasi, ameanguka, nani anahitaji mfasiri hapo? Watu walitazama kimya, wakatoka kimya. Ya kuchekesha ndiyo iliyonitoa jasho. Utani ukiutafsiri maneno yake tu, hakuna anayecheka. Lazima kwanza ueleze kwamba kule mtu akishindwa kulipa nyumba vyombo vyake vinakutwa barabarani, kwamba bosi anaweza kukufukuza asubuhi na mchana kiti chako kina mtu mwingine, kwamba maskini mweusi akigongana na tajiri mweupe mlangoni polisi hawaulizi nani alimgonga mwenzake. Kabla mzaha wa dakika moja haujaisha nilikuwa nimekwisha kuwaeleza nusu ya Marekani. Ndivyo nami nilivyoijua nchi ile, maana safari yangu ya mbali kuliko zote ni Bujumbura.

Charlot, yaani Charlie Chaplin, yeye hakuhitaji maelezo mengi. Ile filamu yake ya kiwandani, ya 1936, ambayo Wafaransa wanaiita Les Temps modernes, niliionyesha mpaka diski ikakwama. Tajiri wa kiwanda analetewa mashine ya kumlisha mfanyakazi akiwa amesimama palepale kazini, ili saa ya chakula ifutwe. Wanamfunga Charlot ndani yake wamjaribie. Mashine inamnywesha supu, inamsogezea gunzi la mahindi linalozunguka, halafu inapata wazimu, gunzi linazunguka kama tairi ya pikipiki na kumsugua meno. Wabeba mizigo wa soko letu, watu wanaopanda ngazi za Kadutu na mifuko mgongoni tangu alfajiri, walicheka mpaka benchi moja likavunjika miguu. Mmoja wao akasema, huku anapangusa machozi: "Angalau huyu bosi wake amefikiria kumulisha."

Baadaye kitambaa chekundu cha hatari kinadondoka nyuma ya lori. Charlot, mtu wa watu, anakiokota na kukimbia akikipunga ili dereva amwone. Nyuma yake unatokea kwenye kona umati wa wafanyakazi wanaoandamana. Polisi wanamkamata yeye, eti ndiye kiongozi. Sikufungua mdomo. Hakuna mtu wa Bukavu anayehitaji kuelezwa namna mtu anavyokamatwa kwa kuwa alikuwa mbele.

(Mwishoni Charlot anaimba wimbo wa maneno asiyoyajua hata yeye, ya kubuni. Mrega mmoja aliapa kwamba amesikia neno la kwao ndani. Tulibishana mpaka petroli ikaisha.)

Marekani wakati ule ilikuwa imeangushwa na mdororo wa uchumi ulioanza 1929, watu wakipanga foleni ya supu. Na mtu aliyewachekesha katika njaa ile walimfanya nini? Mwaka 1952 Chaplin, ambaye ni mzaliwa wa London, alipanda meli kwenda Ulaya. Meli ikiwa baharini, serikali ya Marekani ikamfutia ruhusa ya kurudi, wakimshuku ukomunisti. Alirudi 1972, mzee wa miaka zaidi ya themanini, kupokea Oscar ya heshima, na ukumbi mzima ukasimama kumpigia makofi. Nilipoeleza hayo, hakuna aliyeshangaa mwanzo wake. Walichoshangaa ni makofi.

Sasa nifike kwenye filamu iliyonifanya niandike barua hii. Ni ya 1983, aliiongoza John Landis. Kwa Kiingereza inaitwa Trading Places, lakini mimi nilinunua diski ya Kifaransa, ganda lake limechanika, jina likisomeka Un fauteuil pour deux, yaani kiti kimoja cha watu wawili. Likumbukeni jina hilo.

Wazee wawili ndugu, matajiri wa Philadelphia, wana kampuni ya kununua na kuuza bei za mazao. Wanabishana: mtu anakuwa mwizi kwa sababu ya damu yake au kwa sababu ya mahali alipolelewa? Ili wajue, wanamchukua kijana wao wa kazi, mweupe, msomi (huyo ni Dan Aykroyd), wanamsingizia wizi, wanamnyang'anya kazi na nyumba, na mchumba wake anamwacha. Halafu wanamchukua maskini mweusi wa barabarani, Eddie Murphy, wanamweka mahali pake. Wamewekeana dau la dola moja. Moja. Niliposema "dola moja" chumba kizima kikanyamaza, hata wale vijana wa nyuma waliokuwa wakila karanga. Mtu akauliza kwa sauti ya chini, "Kila mmoja?" Nikamwambia hapana, dau zima.

Kuna mahali wale wazee wanamkalisha Eddie Murphy na kumfundisha kazi. Wanamwonyesha mezani: hii kahawa, hii ngano ya kutengeneza mkate, hii nyama ya nguruwe ambayo ukiikaanga unaila asubuhi na mkate. Wanaongea naye taratibu kama na mtoto wa miaka minne. Na Eddie Murphy anageuza uso, anatutazama sisi, sisi tuliokaa Kadutu kwenye benchi, bila neno. Walicheka kabla sijainua fimbo.

Nami nilicheka, lakini kicheko changu kilikuwa na kitu ndani. Pale nilipokuwa napima kulikuwa na ubao ukutani. Kila asubuhi bosi alipiga simu, akafuta bei ya jana na kuandika ya leo. Mchimbaji alifika kutoka Nyabibwe au Shabunda na mfuko wake. Nilitoa maji, maana mchanga ukiloa una uzito wa uongo, nikatoa takataka, nikapima asilimia, kisha nikamwonyesha ubaoni. Siku moja kijana mmoja aliyejaa vumbi jekundu mpaka kwenye kope aliniuliza kwa nini bei imeshuka na yeye amechimba kasiterite ileile, shimo lilelile. Bei ya bati hupangwa kwenye soko la London, basi nikamjibu nilivyofundishwa: "Ni London." Akafikiri. Akaniuliza: "Huyo London anachimba wapi?"

Sikuwa na jibu la maana. Nikamwandikia risiti.

Mwisho wa filamu ndio uliokuwa mgumu. Wale wawili walioharibiwa maisha wanaungana kulipiza kisasi. Wazee wamehonga mtu awaibie ripoti ya serikali juu ya mavuno ya machungwa kabla haijatangazwa. Vijana wanaibadilisha ile ripoti, wanawapa wazee ya uongo inayosema baridi imeharibu machungwa. Sokoni New York wazee wananunua bei ya maji ya machungwa kwa pupa, inapanda. Ilipofika 142, vijana wanaanza kuuza. Waziri anatangaza ripoti ya kweli, kwamba machungwa ni mazima, bei inaporomoka mpaka 29, na vijana wananunua. Wazee wamekwisha.

"Subiri," wakasema. "Walianza kuuza? Machungwa waliyatoa wapi?" Hawakuwa nayo, nikasema. Waliuza ambayo hawana, wakayanunua baadaye. Hapo nikazomewa. Nilirudisha nyuma mara tatu, nikaeleza kwa fimbo, kwa vidole, kwa vizibo vya chupa. Aliyeniokoa ni mama mmoja muuza sambaza, dagaa wa ziwa letu la Kivu, aliyekuwa amebeba mtoto. Akasema: "Nyinyi munasumbuka bure. Wakati wa mbalamwezi sambaza hawafuati taa, ziwa halitoi kitu, bei inapanda. Mimi nachukua pesa ya mtu siku ile, kwa bei ile ya juu, namwambia nitakuletea wiki ijayo. Mwezi ukipotea sambaza wanajaa, nanunua bei ya chini, nampelekea. Inayobaki ni yangu." Chumba kizima: aaah! Mhariri, nimeona wataalamu wengi wakieleza jambo hilo kwenye televisheni, hakuna aliyemfikia mama yule.

Ndani ya filamu hiyohiyo kuna sehemu niliyochukia, na sitaificha. Ili waibe ile ripoti kwenye treni, wanajigeuza. Eddie Murphy anajifanya mwanafunzi kutoka Kameruni, kichekesho cha Mwafrika wa kuruka-ruka, na Aykroyd mweupe anajipaka uso mweusi. Chumba kilicheka, kisha mtoto wa darasa la sita akauliza: "Kwa nini amejipaka?" Ilinibidi nisimamishe. Niliwaeleza kwamba huo ni mchezo wa zamani sana kule, tangu karne ya 19, kabla sinema haijazaliwa: wazungu wakijipaka masizi jukwaani ili watu weusi wachekwe bila wao wenyewe kuwepo. Na hata ile filamu ya 1927 inayosifiwa kuwa ndiyo iliyofungua mlango wa sinema ya sauti, mwimbaji wake aliimba amejipaka hivyo. Vicheko vikaisha. Nikaona nimefanya kazi yangu vizuri, nikainama kuwasha.

Mwanamke mmoja nyuma akasema: "Na sisi tunapomuchekesha Mutwa?"

Alikuwa na haki. Wachekeshaji wetu wa mtaani, ukitaka watu waanguke chini, leta mtu aliyejifanya Mtwa, wale wenyeji wa msituni, anayeshangaa simu, au mshamba wa Walungu aliyekosea Kifaransa. Sijaona bado yule anayemwangusha mwenye gari. Tangu siku ile nina kipimo changu, na ndicho ninachompa msomaji wenu badala ya ganda lake la ndizi. Nikitazama filamu ya kuchekesha naangalia ni nani anayeanguka. Kwa Charlot ni polisi mnene na bosi. Kwenye ile ya 1983 ni wazee wenye pesa, na pale kwenye treni, kwa dakika kumi, ni mimi.

Sasa zile kazi zangu mbili zikutane.

Mwezi wa tisa 2010, rais wetu wa wakati ule alisimamisha uchimbaji wa mikono katika Kivu Kaskazini, Kivu Kusini na Maniema. Ulifunguliwa tena mwezi wa tatu 2011, lakini mambo hayakurudi yalivyokuwa, kwa sababu kule Marekani ilikuwa imekwisha kusainiwa sheria ambayo hapa hata mama wa sokoni anaijua, "sheria ya Obama". Inataka makampuni yaliyo kwenye masoko ya hisa ya Marekani yaeleze kama bati, tantali, tungsteni na dhahabu yao yametoka Kongo au kwa majirani zetu. Wako wanaosema ilisaidia kuwanyima pesa wenye bunduki, wako wanaosema ilimpiga mchimbaji kwanza. Mjadala huo una barua zake, sitaufungua hapa. Ninachojua ni kwamba nyumba niliyopimia ilifunga, mwenyewe akaondoka na mishahara yetu ya miezi miwili, na mimi nikauza kitanda kizuri nikanunua jenereta. Ndivyo chumba cha video kilivyozaliwa.

Miaka kadhaa baadaye mtoto wa dada yangu, aliyekuwa anasoma sheria, alinikuta nikieleza machungwa yangu kwa vizibo. Akacheka, akaniambia: "Mjomba, unajua filamu hii imeingia kwenye sheria?" Akanionyesha. Wakati filamu inatengenezwa, mtu kutumia habari iliyochukuliwa kwa siri serikalini ili acheze na bei za mazao halikuwa kosa kwenye masoko yale. Wale wazee, ukiacha hongo na wizi, biashara yenyewe ilikuwa halali. Ndipo mwaka 2010 mkuu wa tume inayosimamia masoko hayo, Gary Gensler, alipokwenda bungeni kuomba pengo hilo lizibwe, akaitaja filamu kwa jina. Likazibwa. Wenyewe wanaiita kanuni ya Eddie Murphy. Iko kwenye sheria ya Dodd-Frank, ile ya kudhibiti benki na masoko ya fedha, iliyosainiwa tarehe 21 Julai 2010, kifungu cha 746.

Nikamwuliza: na ile ya Obama, ya madini yetu, iko wapi? Akafunua kurasa nyingi mbele. Kifungu cha 1502. Sheria ileile. Kalamu ileile.

Mhariri, nilikaa chini. Nilikuwa nimefika kwenye chumba kile kwa sababu ya kitabu kimoja cha sheria, na jioni zote nilizokuwa nikionyesha machungwa yale nilikuwa naonyesha ukurasa mwingine wa kitabu hichohicho. Machungwa yao yalisubiri miaka 27 na yalifika bungeni yakiwa yamebebwa na kicheko. Kasiterite yetu haikuwa na mchekeshaji. Ilifika huko imebebwa na picha za maiti.

Kwa hiyo mtu akiniambia filamu hizi ni upuuzi, naona hajazitazama mpaka mwisho. Mwisho wake ndio unaosema siri ya nchi. Vijana wale wawili walitendewa uovu, wakaufahamu uovu kinagaubaga, na sisi pamoja nao. Je, walikwenda kuuvunja? Walitumia ripoti ileile iliyoibwa, kwenye soko lilelile, na filamu inaishia ufukweni penye jua, wanazungumzia kula kamba wakubwa. Waliokuwa kwenye kiti wameanguka, wengine wamekaa. Kiti kiko palepale, kimepanguswa vumbi. Wafaransa walipotafuta jina waliona vizuri kuliko wenye filamu. Charlot mwaka 1936 aliishia barabarani na msichana wake, mikono mitupu, wanatembea. Sijui njia yao ilifika wapi, lakini kwenye kiti cha mtu hawakukaa. Kati ya filamu hizi mbili kuna miaka 47, na nadhani ndani ya miaka hiyo Mmarekani aliacha kumcheka tajiri kwa kuwa ni tajiri, akaanza kumcheka kwa kuwa amekaa mahali ambapo yeye mwenyewe angependa kukaa. Nasema hivyo bila kumhukumu. Na mimi nilipokuwa mpimaji nilikitamani kiti cha bosi, tena sana.

Siku hizi watu wanafunga milango mapema, filamu zinatazamwa kwenye simu, kila mtu na kioo chake na sikio moja limezibwa. Hakuna wa kuuliza wanacheka nini. Jenereta niliuza. Diski mbili bado ninazo, na msomaji yule akipenda namkaribisha nyumbani, umeme ukiwepo, tuitazame hii ya pili.

Ya pili ni ya 1988, Eddie Murphy tena na mwongozaji yuleyule. Mwana wa mfalme wa Zamunda, nchi ya Afrika iliyobuniwa, anakwenda New York kutafuta mke, anajifanya maskini na kupiga deki kwenye mgahawa. Wateja wangu waligombana sana Zamunda iko wapi. Mzee mmoja, dereva wa zamani wa malori, alisema kwa uhakika iko nyuma ya Kasumbalesa, kule mpakani na Zambia. Usiku mmoja, katikati ya filamu, mwana wa mfalme anatembea barabarani na msichana wake, na pembeni kwenye baridi wamelala wazee wawili ombaomba. Kumbe ni walewale wa machungwa! Ndugu wawili, waigizaji walewale, miaka mitano baadaye, bado wako chini. Mwana wa mfalme anawahurumia, anawaachia mfuko wa karatasi uliojaa noti. Mmoja anachungulia ndani, anamwonyesha mwenzake, na uso wake unafunguka: wamerudi.

Kijana mmoja wa Nyabibwe alisimama juu ya benchi, akanyoosha mikono kwenye televisheni, akapiga kelele: "Usibape! Mutoto ya mufalme, usibape!"

Akawapa. Watu walicheka sana hata nikairudisha nyuma waone tena. Kijana akapiga kelele tena, kwa nguvu zaidi, na mwana wa mfalme akawapa tena.

Msomaji wenu,
mfasiri wa zamani wa chumba cha video,
Kadutu, Bukavu